Nilivyokipiga picha Kilimia bila mashine ya kufuata nyota

Ukiuliza namna ya kupiga picha vishada vya nyota, jibu la kwanza ni lile lile: tafuta mashine ya kuzungusha kamera ifuate nyota zinavyohama, uielekeze kwenye Nyota ya Kaskazini. Haya, nikaazima moja, nikaenda nayo kwa shemeji nje ya Dodoma, njia ya Kondoa. Nikalala kifudifudi vumbini, jicho kwenye kile kidarubini chake, natafuta. Shemeji kaja na tochi: "Shemeji, umedondosha nini?"

Dodoma iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Nyota hiyo huku haichomozi kabisa! Kusini nyota ya kushika nafasi yake ni Sigma Octantis, lakini ni hafifu mno, tena iko chini kabisa kwenye vumbi la upeo. Walioandika maelekezo hayo wanakaa Ulaya, wala hawatuwazii. Mashine nikairudisha kwa mwenyewe.

Kilimia, kishada ambacho kwenye orodha za wanajimu wa sayansi kinaitwa M45, nyota zake zinang'aa. Hata kwa macho matupu unahesabu sita. Lenzi kuukuu ya milimita 135 niliipata Kariakoo kwa laki na kitu, tripodi ninayo. Nikaweka tundu la lenzi f/4, wepesi wa kamera kuhisi mwanga ISO 3200, na muda wa sekunde moja. Ile kanuni ya kupata muda wa picha kwa kugawa 500 kwa urefu wa lenzi iacheni: itawapa karibu sekunde 4, na nyota zitatoka kama punje za mchele. Nikapiga mamia ya picha za sekunde moja moja, faili ghafi, na kila baada ya dakika kadhaa nakirudisha Kilimia katikati, maana kinahama.

Kazi ilikuwa fokasi. Alama ya mwisho kwenye lenzi, ya vitu vya mbali kabisa, ni ya uongo. Nilichukua jalada la kauntabuku, nikalichana kwa wembe kwa mtindo wa Mrusi Pavel Bahtinov: nusu mianya iliyonyooka, nusu nyingine imelala kushoto na kulia, kila mwanya kama milimita moja. (Vidole vilikoma.) Livike kwenye lenzi, elekeza kwenye nyota angavu Aldebaran, kuza kwenye skrini: nyota inatoa miali mitatu. Zungusha polepole hadi mwali wa kati ukae katikati sawasawa, kisha bandika selotepu pete isisogee. Mwenye mashine alipoona picha, akaagiza nimkatie na lake.

Kuziunganisha picha nilitumia Siril, programu ya bure. Laptopu ilinguruma usiku kucha. Usisahau kupiga chache ukiwa umeziba lenzi, zinapunguza chembechembe. Pembeni ya Merope, moja ya nyota za Kilimia, ikatokea bluu kidogo: hilo ni vumbi linaloakisi mwanga wa nyota, na kwa sekunde moja moja sikulitegemea.

Novemba, saa tano hadi saa saba usiku, Kilimia kiko juu upande wa kaskazini. Pasipo mbalamwezi, tafadhali. Julai geuzia kamera kwenye mkia wa kundi la nyota la Nge, kuna kishada kingine, M7, na mipangilio ni hiyo hiyo.