Tochi Isiyoomba Ruhusa

Leo jioni programu yangu ya kwanza imewasha taa ya simu. Nimeiandika mwenyewe kwa Kotlin, lugha ya kuandikia programu za simu, kwenye laptopu ya mtumba inayonguruma kama kinu cha posho kila ninapoiamuru ijenge kitu, na nikibonyeza kitufe taa inawaka kweli. Nimeiwasha na kuizima hadi mdogo wangu akaniomba nimwache alale. Nina furaha ambayo lazima niiandike kabla haijapoa.

Najua mtu atauliza kwa nini nijisumbue. Nokia 1100 ilikuja na tochi yake mwaka 2003, na simu za aina hiyo tukazibandika jina la mulika mwizi. Android nayo imekuwa na kitufe cha tochi kwenye ile menyu ya kuvuta kutoka juu tangu toleo la 5.0 la mwaka 2014. Tochi ya simu si habari mpya kwa mtu yeyote hapa Kisumu. Lakini mimi nilikuwa na mtu wa kumtengenezea.

Shangazi yangu huuza samaki mtaani Kondele kuanzia jua linapotua: ngege (tilapia), mbuta (sangara), na mgongo wazi wa kukaanga, yaani mifupa ya mbuta inayobaki minofu ikishatolewa. Kazi yake ni ya mikono iliyolowa. Anapara magamba, anapasua, anaosha, anapokea pesa. Skrini ya simu hukitambua kidole kwa jinsi kinavyovuruga umeme mdogo ulio kwenye skrini yenyewe, na maji yakitanda juu yake haijui tena kidole kiko wapi. Kwa hiyo akitaka mwanga sharti ajifute kwenye leso, avute menyu, atafute kialama kile kidogo, na muda wote huo mteja amesimama. Mara nyingi humwomba mtoto wa mteja amwashie. Nilimwona akifanya hivyo kabla sijajua hata msimbo ni nini, na nadhani ndiyo maana nilipoanza kujifunza sikuvutiwa na kikokotoo ambacho kila somo la wanaoanza hukupa ukijenge.

Kuandaa kompyuta sitakusimulia kirefu. Android Studio, programu ya kutengenezea programu za Android, ni mzigo mzito, na mara ya kwanza kujenga mradi inashusha vipande vingi kutoka intaneti kiasi kwamba bando linakwisha hujaona hata neno moja kwenye skrini. Ukipita hapo, umepita. Ila ninayeandika kuhusu tochi lazima niseme hili: simu ya kuigiza iliyo ndani ya kompyuta haina balbu ya kukuwakia mezani. Unahitaji simu halisi na waya wa USB. Unaingia kwenye mipangilio ya simu, unagusa nambari ya muundo (Build number) mara saba, na simu inakutangazia kwamba sasa wewe ni msanidi programu. Nilipoona maneno hayo nilinyamaza kidogo. Hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo.

Lililonishangaza kuliko yote ni kwamba taa ile ni mali ya kamera. Mimi nilidhani kutakuwa na kitu kinachoitwa taa, unakiambia waka, kinawaka. Sivyo. Unamwendea msimamizi wa kamera ndani ya Android, unamwomba orodha ya kamera zote za simu, unauliza kila moja kama ina taa, na ile inayojibu ndiyo, kwa kawaida ya nyuma, unachukua jina lake. Kisha mstari mmoja tu, setTorchMode, pamoja na jina hilo na neno la kukubali. Mwanga huo. Ukipeleka neno la kukataa, unazima. Na kama kuna programu nyingine inayopiga picha wakati huo, ombi lako linakataliwa, na ni juu yako kumweleza mwenye simu kwa lugha ya kueleweka badala ya kuiacha programu ianguke.

Mstari huo mmoja una historia iliyonifanya nifikiri sana. Ulikuja na Android 6.0 mwaka 2015. Kabla ya hapo, aliyetaka kuwasha tochi alilazimika kuifungua kamera yenyewe, na ili kuifungua alihitaji ruhusa ya kamera. Yaani kumulika njia ya chooni ulikuwa unamkabidhi mtu usiyemjua uwezo wa kuona kupitia simu yako. Wengi wa watengenezaji hao hawakuwa na nia mbaya, mlango ulikuwa ni huo tu. Lakini tangu setTorchMode ije, tochi haihitaji ruhusa ya kamera. Programu ya tochi inayoiomba leo kwenye simu ya kisasa, mimi ningeiuliza inataka kuona nini.

Na swali hilo si la shaka ya bure. Desemba 2013 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilitangaza makubaliano na kampuni ya Goldenshores Technologies, iliyotengeneza programu ya tochi ya bure ya Android ambayo watu walikuwa wameipakua mara makumi ya mamilioni. Tume ilisema programu hiyo ilikuwa ikipeleka mahali hasa mtumiaji alipo, pamoja na utambulisho wa simu yake, kwa wengine wakiwemo watangazaji wa biashara, bila kumweleza. Hata kitufe cha kukataa masharti kilikuwa pambo, maana taarifa zilianza kwenda kabla mtu hajachagua. Tochi! Nilisoma habari hiyo usiku mmoja nikamfikiria shangazi, ambaye akiulizwa na simu swali lolote hubonyeza ndiyo ili kazi iendelee. Si mjinga. Ana mteja mbele yake na kisu mkononi.

Hapo ndipo mradi wangu ulipogeuka. Mwanzoni nilitaka tu taa iwake. Baada ya kusoma habari ile nikataka programu ambayo shangazi hahitaji kuiamini, kwa sababu haina uwezo wa kumdhuru. Kila programu ya Android ina faili linaloitwa manifesti, na humo ndimo mtengenezaji huorodhesha ruhusa anazotaka. Ruhusa ya intaneti nayo huandikwa humo, na wengi hawajui kwamba simu haikuulizi kuihusu. Inatolewa kimyakimya programu inapowekwa. Lakini mstari wake usipokuwepo, programu haiwezi kufungua njia ya mtandao kutuma kitu. Basi nikaazimia: manifesti yangu haitakuwa na ruhusa hata moja. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, nayo inataka data ikusanywe kwa kiasi kinachohitajika tu kwa kazi iliyokusudiwa. Tochi inahitaji data gani? Haihitaji chochote.

Azimio hilo lilijaribiwa upesi. Kwa ajili ya mikono yenye maji niliamua kuachana na skrini na kutumia kile kitufe cha pembeni cha kupunguzia sauti. Programu ikiwa wazi mbele, unakibonyeza, nayo inalipokea hilo kabla sauti haijaguswa. Kinafanya kazi hata kwa kidole kilichojaa magamba. Skrini nimeiamuru isilale programu inapotumika, na mwangaza wake nimeushusha karibu na giza ili betri isiende bure. Yote hayo hayaombi ruhusa. Kisha nikataka simu itetemeke kidogo kila taa inapowaka au kuzimika, ili shangazi ajue bila kuigeuza. Kutetemesha simu moja kwa moja kunadai mstari wa ruhusa kwenye manifesti. Ni ruhusa ndogo, haimdhuru mtu, wala mwenye simu haulizwi. Mafunzo mengi niliyoyaona yanakuambia uiandike tu uendelee.

Sikuiandika. Nilitafuta hadi nikapata kwamba kuna njia nyingine: ule mtetemo mwepesi ambao kitufe cha skrini hutoa kinapoguswa, unaweza kuuomba kutoka kwa kitufe chenyewe, na hauhitaji ruhusa mradi mwenye simu hajazima mitetemo ya kugusa kwenye mipangilio yake. Ni mtetemo mdogo kuliko nilivyotaka. Unatosha. Manifesti ikabaki tupu, na nilihisi nimeshinda jambo kubwa kuliko kuwasha taa.

Kuna kitu kimoja zaidi ambacho anayeanza kama mimi anapaswa kukitunza. Tochi ni moja lakini wanaoiwasha ni wengi. Shangazi anaweza kuiwasha kwa menyu ya juu, kisha akafungua programu yangu. Kama programu inakumbuka tu yale iliyoyafanya yenyewe, itaamini taa imezimika huku inamulika ukutani, na kitufe kitasema uongo. Dawa yake ni kujiandikisha kwa yule msimamizi wa kamera ili akupashe habari kila hali ya taa inapobadilika, na anapokusajili tu anakuambia hali ilivyo sasa hivi. Sikutegemea kumbukumbu ya programu. Nilitegemea taa yenyewe ilivyo.

Basi jioni nikaenda Kondele na simu ya shangazi ikiwa tayari imewekwa programu. Aliitundika kwenye msumari wa kibanda chake.

"Bonyeza hapa pembeni, shangazi, pale unapopunguzia sauti."

"Hapa?"

"Hapo hapo."

Ikawaka. Mikono yake ilikuwa inachuruzika maji. Hakusema kitu, alifungua tu tamvua la ngege mmoja na kulielekeza kwenye mwanga, na mteja akainama akalitazama. Hapo nilielewa jambo ambalo sikulifikiria kabla: mnunuzi wa samaki wa usiku ananunua rangi. Tamvua jekundu ni samaki wa leo. Chini ya koroboi kila kitu kina wekundu, mzuri na mbovu wanafanana. Balbu ya simu ni LED ya bluu iliyopakwa kemikali ya manjano hadi mwanga unatoka mweupe, na LED hiyo ya bluu ndiyo iliyowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Wavuvi wa omena huko ziwani nao wameanza kuzitumia LED badala ya karabai, kuwavuta samaki usiku usio na mwezi. Mwanga wa watu hao watatu unamvuta samaki majini, kisha unamwonyesha mnunuzi kama bado ni mzuri. Nililifikiria hilo njia nzima nikirudi nyumbani.

Shangazi ameridhika, lakini ana malalamiko, na ni ya haki: mwanga ni mkali mno na unawapiga wateja machoni. Anataka kuupunguza. Android 13 ya mwaka 2022 ilileta njia ya kuchagua nguvu ya tochi, kwa simu ambazo balbu yake inakubali. Simu yake ni ya toleo la zamani zaidi. Kwa hiyo nitamwongezea ukurasa mweupe unaojaza skrini nzima, ambao mwangaza wake unaweza kupandishwa na kushushwa kwa vile vitufe vya sauti, na huo nao hauombi ruhusa. Mama mboga aliye kando yake ameshasema anautaka pia, maana simu yake haina balbu ya nyuma kabisa. Kesho nitaanza na ukurasa huo, na nitaupima kwanza kwenye simu ya mama mboga.