Mama alipona kiharusi, lakini chenji ikaanza kumshinda

Mama anauza nyanya na vitunguu sokoni hapa Nakuru, miaka mingi sana, na hajawahi kushika kalkuleta. Mwaka jana presha ilimpanda akapata kiharusi kidogo, mdomo ukaenda upande, mkono wa kulia ukalegea, siku ya tatu akawa sawa wakamruhusu, kila mtu akasema Mungu ni mwema amepona. Hata mimi.

Wiki kadhaa baadaye niko naye kibandani, mteja akampa noti ya 200, nyanya ni za 80. Mama akaishika ile noti, akaiangalia, akaigeuza, halafu akamrudishia yule mtu pamoja na nyanya. Majirani wakasema ni uzee. Uzee gani na ana miaka 61?

Kliniki walikuwa wanampima presha na kumwandikia dawa basi, kwa hivyo safari hiyo nikamwambia daktari wazi, tafadhali mpime mama na kumbukumbu. Akamwambia avae miwani kwanza, akatoa karatasi inaitwa MoCA, ya kupima kumbukumbu na kufikiri, alama 30, kama dakika 10 hivi, akauliza yote kwa Kiswahili. Mama, chora saa, mishale iwe saa tano na dakika kumi. Duara ikatoka vizuri, namba zote ziko, lakini mshale mmoja akauweka kwa 5 na mwingine kwa 10. Kutoa saba kutoka mia, akasema 93, 86, akanyamaza, na huyu ni mtu wa biashara jamani. Maneno matano ya kukumbuka, akapata mawili. Jumla 19, akaongezewa moja juu aliachia darasa la saba, 20, na kawaida ni 26 kwenda juu.

Niliumia sana. Daktari akasema hiyo pekee haimaanishi ana dimenshia, ule ugonjwa wa akili kupoteza kumbukumbu, inaonyesha kuna shida ya kufuatilia, presha ya miaka inaharibu mishipa midogo ya ubongo, mkono unaweza kurudi na kufikiri kukabaki nyuma. Akapimwa damu, tezi ya shingo na vitamini B12, akaulizwa pia kama ana huzuni, maana hivyo navyo vinaweza kuleta usahaulifu.

Kumbe nyumbani vidonge vya presha vimejaa droo, alikuwa anasahau! Sasa nina kisanduku cha siku saba, nakijaza kila Jumapili, presha tunapima asubuhi na jioni naandika kwa daftari, tunatafuta chini ya 130/80. Baada ya miezi sita akarudia ile MoCA, akapata 23. Kibandani yeye anachagua nyanya na kubishana bei, mdogo wangu anashika pesa, na Jumanne tunarudi kliniki.