Brekidauni ya angani: nilivyovuta glaida kwa ndege ya hospawa 100

Wakuu, mama yangu kule Tanga nilipomweleza kazi yangu ya wikiendi huku Ujerumani akanyamaza kidogo kwenye simu, kisha akasema "kwa hiyo mwanangu we ni brekidauni ya ndege." Nikacheka lakini ndo hivyo hivyo. Glaida haina injini, mi naifunga kamba ya kama mita 50 nyuma ya ndege yangu, naipandisha mpaka mita 600, inaachia, mi narudi kuchukua nyingine.

Zamani klabu yetu ilivutia na ndege ya Robin ya hospawa 180. Nguvu ipo, ila inakunywa mafuta kama mlevi wa mwisho wa mwezi, tena Avgas, petroli maalumu ya ndege, na kelele zake zilitugombanisha na kijiji kizima kila Jumapili. Tukaiuza tukanunua kindege chepesi chenye injini ya Rotax ya hospawa 100, kinatumia petroli hiyo hiyo ya sheli. Hapo wajuaji wakaamka. Bajaji itavuta Fuso? Hata K 8, glaida nyepesi ya mtu mmoja, haitaipandisha, sembuse ASK 21 yenye watu wawili! Na kweli ASK 21 ikijaa inafika kilo 600, nzito kuliko ndege yangu mwenyewe.

Sasa niwape aibu yangu. Ilikuwa Julai, joto limepita 30, upepo hakuna kabisa, na nyasi zilikuwa zimenyeshewa wiki nzima zikafika karibu na goti. Nyuma kwenye ASK 21 kakaa babu mmoja, mwalimu wa siku nyingi, na mwanafunzi wake mwenye mwili wa haja. Asubuhi hiyo babu alishanipa somo: "ikiwa nzito we nyanyua mapema tu, ukwepe nyasi." Nikasema sawa babu, si mkubwa kasema. Nikafungua moto wote. Tukavuka nusu ya uwanja, yaani mita 400, spidi bado haijafika kilomita 70 kwa saa, glaida imeshaelea mi niko chini nalima nyasi. Nikakumbuka somo nikavuta stiki. Matairi yakanyanyuka, spidi ikafa hapo hapo, tukadunda chini pwaa, mbele naona uzio na shamba la mahindi vinakuja mbio. Nikavuta mpini wa kuachia kamba. Glaida ikatua palepale mbele yake ikasimama vizuri, mi nikiwa mwepesi ghafla nikaruka uzio kwa majaliwa. Nilipotua watu wakanizunguka wanacheka, matairi yamerudi na majani ya mahindi yamejiviringisha utadhani nimetoka kuvuna.

Babu akasema injini ndogo. Mi sikulala. Kesho yake nikafunga ndege isitembee nikawasha moto wote nikaangalia saa ya mizunguko ya injini: 5000 tu kwa dakika! Rotax hii ina ruhusa ya kuzunguka 5800 kwa muda wa dakika tano tu, halafu unashuka 5500. Kumbe mwenye ndege wa kwanza alikuwa msafiri, kaweka propela ile pembe ya kwenda mbali, sawa na kupanda Lushoto kutoka Mombo kwa gia namba nne. Fundi akapunguza pembe kidogo (mwiteni fundi mwenye leseni jamani, msijifanye), injini ikaimba. Bili yake haikufika hata ya kulaza Robin gereji siku moja. Na gurudumu la glaida lilikuwa na upepo nusu, hilo hakuna aliyeliona isipokuwa mimi, naomba liandikwe.

Tukafyeka nyasi, tukaweka koni nyekundu pale mita 400, matairi yangu yakiwa bado chini hapo naachia, hakuna mjadala. Na siri kubwa ni kinyume cha somo la babu: ukishaacha ardhi usipande, kaa chini chini juu ya nyasi mpaka spidi ifike 110 ndo upande taratibu, mita mbili hivi kwa sekunde, na zile dakika tano zikiisha nashuka 5500 namalizia. Anayevutwa naye asipae juu yangu, kindege chepesi akikinyanyua mkia pua inaangalia kaburi, nikiona hivyo namwachia hata kama ni rafiki.

Kingine wasichokisema, vichwa vya Rotax vinapozwa kwa maji, hivyo narudi chini haraka bila kuogopa injini kupasuka kwa kupoa ghafla kama ile ya Robin. Siku nzuri tunavuta glaida kumi na kitu.

Zile glaida kubwa zilizojaza maji ya kuongeza uzito kwenye mabawa sivuti, ziende kwenye winchi, ile mashine ya ardhini inayovuta kamba. Babu siku hizi anapanda bila neno, ila Jumamosi ndo zamu yake ya kufyeka nyasi na bado anaziacha ndefu.