Jiko la umeme la mama na shaba ya Katanga

Nyumbani kwa mama, hapa Lubumbashi katika mtaa wa Kamalondo, kuna jiko la umeme ambalo siku hizi, umeme ukiwa adimu, limegeuka kabati: juu amepanga masufuria, na ndani ya oveni anaficha unga wa mahindi usifikiwe na panya. Chakula hupikwa uani kwa makala, juu ya mbabula, jiko letu la makaa.

Mabwawa ya umeme ya Katanga hayakujengwa kwa ajili ya majiko. Union Minière, kampuni ya Wabelgiji iliyochimba shaba, ilianza na Mwadingusha kwenye mto Lufira mwaka 1930, na katika miaka ya 1950 yakafuata Koni, Nzilo na Nseke, kwa kuwa kusafisha shaba hula umeme mwingi mno. Hata hivyo umeme ulibaki, na tangu 1956 sehemu yake ikauzwa Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo, hadi bwawa la Kariba lilipoanza kazi.

Kisha ikaja Inga, kwenye mto Kongo, magharibi ya nchi: ya kwanza mwaka 1972, megawati 351, ya pili mwaka 1982, megawati 1,424. Kutoka huko ulivutwa waya wa takriban kilomita 1,700 hadi Kolwezi, tena kwa ajili ya migodi. Umeme wake ni wa mkondo mnyoofu, ambao hauwezi kugawiwa njiani bila kituo kikubwa cha kuugeuza, na ndiyo maana vijiji vingi vilivyo chini ya waya huo vimelala gizani miaka yote hii.

Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi ya Union Minière, ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Baada ya mgodi wa Kamoto kuporomoka mwaka 1990 na siasa kuvurugika, ilishuka hadi makumi machache ya maelfu. Migodi ikaacha kula umeme. Nakumbuka miaka hiyo jiko la mama liliwaka vizuri, ila sufuria ndiyo iliyokosa cha kupikwa.

Leo mambo yamepinduka. Tangu sheria ya madini ya 2002 makampuni mengi yameingia, na nchi inatoa zaidi ya tani milioni 2 za shaba kwa mwaka, ilhali mitambo mingi ya Inga imechakaa. Mwadingusha ilifanywa upya mwaka 2021, na bwawa jipya la Busanga limeongeza megawati 240, lakini mlaji wao mkubwa ni mgodi. Migodi hununua umeme hata Zambia, kule kule tulikokuwa tukiuuza, na ukame wa 2024 ulipokausha Kariba, Zambia yenyewe ilikaa gizani. Kati ya Wakongomani watano, mwenye umeme ni kama mmoja, na mama huhesabiwa humo.

Juzi umeme ulirudi saa nane za usiku. Mama aliamka, akapiga pasi nguo za kanisani, akachaji simu zote za nyumba. Jiko hakuligusa, unga ulikuwa ndani.