Corolla ya 1994: skrubu ya breki imevunjikia ndani ya kalipa

Jumamosi asubuhi nilikuwa nimeshafunga mpira mpya wa breki, ule unaopitisha mafuta, gurudumu la mbele kushoto. Ilibaki kutoa upepo ulioingia kwenye mafuta ya breki tu. Nikaweka spana namba 10 kwenye nipeli, ile skrubu ndogo yenye tundu katikati, nikavuta. Wapi. Nikavuta tena, spana ikaja laini, nikashukuru kwamba imefunguka. Kumbe kichwa kimebaki kwenye mdomo wa spana, na shina limekatikia usawa wa kalipa, kile chuma kinachobana diski ya breki, halitokezi hata kidogo.

Kosa ni langu. Spana ya mdomo wazi inashika pembe mbili tu, na nipeli hii ilikuwa haina kile kikofia chake cha mpira. Tundu limekaa wazi miaka mingi, hapa Tanga, na upepo wa bahari unaouma mabati. Ilitaka soketi ya pembe sita, na mafuta ya kulainisha kutu tangu siku iliyotangulia.

Jioni nilidondosha hayo mafuta, nikagonga kidogo kidogo kwa nyundo ndogo pembeni ya shina, nikaacha ilale nayo.

Usiku niliwaza sana kuhusu kile chuma cha kung'olea bolti zilizovunjika, chenye nyuzi za kushoto. Ninacho. Lakini nipeli si bolti: ndani ina tundu, kuta zake ni nyembamba. Chuma kile kinaingia kama kabari, kwa hiyo kadiri unavyokikaza kinazitanua kuta na kuzibana zaidi kwenye kalipa. Tena ni kigumu mno, hakipindi, kinakatika. Kikikatikia humo, biti ya kawaida itateleza juu yake tu. Nimekirudisha sandukuni.

Kutoboa kwa keekee nako kuna hatari yake, na hii ndiyo inayonitia hofu kuliko zote. Ncha ya nipeli imechongoka kama penseli na inakaa kwenye kikalio chake chini ya shimo. Kinachozuia mafuta ya breki yasivuje ni chuma kukutana na chuma pale chini, nyuzi hazizuii kitu. Biti ikishuka nusu milimita zaidi na kukikwaruza kikalio, kalipa nzima imekwisha.

Jumapili nikaishusha kalipa. Pistoni, ile inayosukuma pedi za breki, niliitoa kwa upepo wa pampu kupitia tundu la mpira wa breki, nikiwa nimeweka kipande cha mbao mbele yake, vidole mbali, maana hurushwa kwa nguvu. Nikatoa sili zote, yaani pete za mpira, kwa kuwa moto ungeziua. Nikaosha kwa maji ya moto na sabuni, nikakausha. Zile dawa za kopo za kusafishia breki sikuzitumia: baadhi zina klorini, na klorini hiyo ikikutana na moto wa kuchomelea hutoa gesi ya sumu.

Jumatatu nikaenda kwa fundi wa kuchomelea, mzee ninayemwamini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hebu nione."

Akamulika tochi shimoni, akapitisha kidole. "Umeshaichokonoa?"

"Hapana, mafuta tu."

"Vizuri. Basi tuipige moto."

Alichukua nati ndogo, ya milimita 6, akaiweka juu ya shina ili kijiti cha kuchomelea kiingie kwenye tundu la nati bila kugusa kalipa. Nati ya kwanza ilibanduka mara tu spana ilipowekwa. Ya pili akaanza kwa kuongeza kidonge cha chuma juu ya shina, ndipo akashikiza nati. Nilitaka kufungua palepale, akanizuia mkono. Tukangoja wekundu uishe. Shina likipata moto hutanuka na kuiponda kutu iliyolishika, likipoa husinyaa na kuacha mwanya. Nati ni ya kushikia tu, kazi inafanywa na moto.

"Usirudishe moja kwa moja. Ipeleke mbele kidogo kwanza."

Nikakaza kidogo, nikalegeza kidogo. Ikalia kama bawaba ya mlango mkavu. Mbele, nyuma, mbele, nyuma, kila mara ikiongeza upana wa ukucha, mpaka ikazunguka yenyewe na unga wa kahawia ukamwagika kiganjani mwangu. Nilimulika chini: kikalio kinang'aa, pete nzima, haina mkwaruzo. Sikumbuki lini kipande cha chuma kilinifurahisha kiasi hicho.

Nyuzi nilizisafisha kwa tapu, chuma cha kuchongea nyuzi, ya milimita 8, hatua (nafasi kati ya uzi na uzi) 1.25, saizi niliyoipima kwenye nipeli mpya. Kwa mkono, na grisi ya kunasa vumbi la chuma, nikasimama kabla ya kikalio.

Jumatano: sili mpya, nipeli mpya na kikofia chake, mafuta ya breki aina ya DOT 3 kutoka kopo lililofungwa. Mafuta haya hunywa unyevu wa hewani. Yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi joto 205 za Selsiasi, lakini yakishanywa maji yanaweza kushuka hadi karibu 140. Mwanangu alikaa kwenye pedali.

"Kanyaga. Shikilia."

"Nimeshikilia, baba."

Mapovu yalitoka kwenye nipeli hadi kwenye chupa ya soda, makubwa, kisha madogo kama ya sabuni, kisha mafuta matupu. Tukawasha injini, akakanyaga kwa nguvu dakika nzima huku nimezungushia tishu kwenye nipeli. Kavu.

Upande wa kulia bado, na nao hauna kikofia. Tangu jana naudondoshea mafuta ya kulainisha kutu asubuhi na jioni. Jumamosi nitauanza kwa soketi ya pembe sita, nikikaza kwanza.