Giligilani yangu ya roshani ilikataa kuhamishwa

Ushauri niliopewa kila nilipouliza ulikuwa ule ule: otesha giligilani kwenye trei, miche ikitoa majani manne ihamishie kwenye chungu. Niliufuata neno kwa neno. Nikahamisha miche 22, nikaimwagilia, nikaiwekea kivuli siku mbili. Haikupita wiki mbili, kila mche ukarefusha shina la katikati, majani mapana yakageuka membamba kama manyoya, kisha maua meupe yakachanua. Sikuvuna hata konzi moja. Nikadhani nimekosea maji, nikarudia kazi yote tangu mwanzo. Yakawa yale yale. Iliniuma sana, kwa sababu niliyemlaumu ni mimi, kumbe kosa lilikuwa kwenye ushauri wenyewe.

Giligilani, au dania kama wengine mnavyoiita, ina mzizi mkuu mmoja unaozama moja kwa moja chini. Ukiukata au kuupinda wakati wa kuhamisha, mmea unashtuka na kukimbilia kuzaa mbegu. Joto kali na kiu huuharakisha vivyo hivyo.

Sasa napanda pale pale itakapokulia, kwenye ndoo yenye kina cha sentimita 25 hivi na matundu chini. Udongo uwe tifutifu tu.

Kwenye mbegu ndiko nilikopata raha. Ile punje ya mviringo ni tunda kavu lenye mbegu mbili ndani. Nazitandaza punje juu ya kitambaa, nakikunja, halafu nabingirisha chupa juu yake kwa mkono mwepesi mpaka nisikie zinaalika. Zipasuke vipande viwili, zisisagike! Mara ya kwanza nilikandamiza mno, nikazitupa karibu zote. Zikishapasuka nazilowesha usiku mmoja, asubuhi nazifukia kama sentimita moja. Zamani nilisubiri karibu wiki tatu nione miche michache imetawanyika. Safari hii siku ya nane ndoo ilikuwa na kijani kote.

Ndoo zangu hupata jua la asubuhi, na mchana hukingwa na ukuta. Ndoo nyeusi nimeziacha, zinachemsha mizizi. Maji natia nikigusa udongo nikaukuta mkavu juu. Ukilowa kila saa miche midogo huoza shingoni.

Nakata mashina ya pembeni na kuacha moyo wa mmea, wala sizidishi theluthi moja kwa mara moja. Hata hivyo giligilani haidumu, uitunze utakavyoitunza, kwa hiyo kila baada ya wiki mbili au tatu napanda ndoo nyingine kabla ya ile ya zamani kuchoka.

Ndoo ya kwanza iliyofanikiwa niliiacha ichanue kwa hiari yake. Nyuki wakapanda mpaka huku juu, na punje zilipogeuka kahawia nikazikausha. Jana nimepanda ndoo ya sita, na mbegu zote zimetoka kwenye ile ya kwanza.