Ule ulimi uliokataa kutulia

Nilipoanza kuunganisha solva mbili, yaani programu za kukokotoa milinganyo, moja ya mwendo wa maji na nyingine ya kupinda kwa vitu, nilidhani ugumu wote uko kwenye kuzifanya ziongee, yaani hii itoe nguvu, ile irudishe umbo jipya, basi. Sehemu hiyo iliisha ndani ya wiki chache tu. Upande wa maji OpenFOAM, programu huria ya kukokotoa mwendo wa maji, upande wa pili solva ndogo niliyoiandika mwenyewe, na katikati programu yangu ya kuhamisha namba kutoka meshi moja, ule wavu wa vipande vidogo vya kukokotolea, kwenda nyingine. Hiyo ya katikati niliipenda sana.

Cha kujaribia nikachukua ule mfano wa Turek na Hron wa 2006, wa kupimia programu kama hizi kwa majibu yanayojulikana, walio kwenye fani wanaujua: mfereji wa mita 2.5 kwa 0.41, ndani kuna nguzo ya duara, na nyuma ya nguzo umeshikizwa ulimi laini, urefu sentimita 35, unene sentimita 2. Toleo la tatu la mfano huo ulimi una densiti (uzito kwa ujazo) ileile ya maji, kilo 1000 kwa mita ya ujazo kwa vyote viwili, na mi sikuona hilo kama jambo.

Nikawasha. Kompyuta inasonga kwa hatua, yaani vipande vidogo vya muda; hatua mbili za kwanza shwari, ya tatu ncha ya ulimi ikapanda, ya nne ikashuka zaidi ya ilivyopanda, ya tano ikapanda tena zaidi ya hapo, jumlisha, toa, jumlisha, toa, namba inanenepa kila mstari mpaka skrini ikajaa nan, alama ya kompyuta kwamba hiyo si namba tena.

Dawa ya kwanza tuliyofundishwa wote ni kupunguza hatua ya muda, nikaikata nusu, ikalipuka mapema zaidi, nikaikata tena nusu, ikawahi zaidi ya hapo! Hapo nikaanza kuishuku kazi yangu mwenyewe, nikaiandika upya sehemu ya kuhamisha nguvu mara mbili nzima, nikajumlisha nguvu za huku na za kule, zikalingana kabisa, na bado inalipuka. Niliumia kwa kweli.

Saa tisa usiku, kwa kukata tamaa tu, nikaupa ulimi densiti mara 100. Ukatulia tuli.

Ndo nikatafuta makala ya Causin, Gerbeau na Nobile ya 2005, nikaisoma palepale. Ulimi ukitaka kusogea lazima usukume maji yaliyo kando yake, kwa hiyo ni kama umebebeshwa uzito wa maji hayo, na ukiwa mwepesi, huo uzito wa kubebeshwa unazidi wa kwake. Mi nilikuwa naupa nguvu ya hatua iliyopita, mara moja tu, halafu nasonga mbele. Kwa mpango huo kupunguza hatua ya muda ni kuzidisha ugonjwa. Programu haikuwa na bagi, kosa la uandishi, hata moja pale, mpango wenyewe ndio ulikuwa mbovu.

Kesho yake nikaweka mzunguko ndani ya kila hatua, solva zinabadilishana mpaka zikubaliane, na kati yao ulegezaji wa Aitken unaoamua kila mara sogeo lipokelewe kwa kiasi gani. Inakula muda wa kompyuta, sana tu. Lakini ulimi ukaanza kupepea, mara tano na kitu kwa sekunde, ncha ikienda kama milimita 34 huku na huku, vilevile walivyoandika Turek na Hron wenyewe, nikakaa naangalia ile grafu bila kugusa kitu.

Kisha nikafungua maelezo ya programu, nikafuta ule mstari niliokuwa nimewaandikia watumiaji: ikilipuka, punguza hatua ya muda.